Mwalimu, je, niipe ChatGPT mahojiano yangu ya Umalila?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, naishi Mbeya na ninafanya kazi ya msaidizi wa utafiti. Utafiti wangu ni wa wakulima wa viazi mviringo Umalila: wanamuuzia nani, kwa bei gani, na kwa nini mara nyingi bei inawashinda. Nina dodoso la kaya, na nina mahojiano marefu niliyorekodi kwa simu, Kiswahili kikichanganyika na Kimalila. Wenzangu ofisini wanatumia ChatGPT kwa kila kitu, kuanzia barua mpaka uchambuzi, na wanamaliza kazi mapema. Msimamizi wangu amesema akikuta sentensi moja ya mashine, tasnifu inarudi. Kiingereza changu cha kuandika ni cha kusukuma. Naomba kujua, watafiti wenzetu hasa wanaitumiaje? Nikiipa mahojiano yangu iniandikie matokeo, nitakuwa nimeiba? Na ni lazima nilipie ile ya kulipia? — Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo zito: hapana, usiipe mahojiano yako ikuandikie matokeo. Lakini pia usikubali kutishwa mpaka ukaogopa chombo chenyewe, maana zipo sehemu za kazi yako ambazo kinaweza kukupunguzia kukesha bila kumdhulumu mtu. Nafundisha mbinu za utafiti hapa Iringa, na nyakati za likizo huja Mbeya kuwasaidia watu wa kilimo na wa afya kwenye takwimu zao, kwa hiyo nimewaona wanaofaidika nayo na nimewaona wanaoumia nayo. Wakati mwingine ni mtu yuleyule, wiki ileile.

Ofisi yenu si ya ajabu. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022, na mwaka uliofuata jarida la Nature lilipowauliza watafiti waliomaliza shahada ya uzamivu na ambao bado wako kwenye mikataba ya mafunzo, 31% ya waliokuwa kazini walisema wanatumia chatiboti, yaani programu za kuzungumza nazo kwa maandishi kama ChatGPT. Kati ya watumiaji hao, 63% walikuwa wananyoosha maandishi yao, 56% walikuwa wanaandika au kurekebisha msimbo wa kompyuta, na 29% walikuwa wanatafuta au kufupisha machapisho. Takwimu hizo zimeanza kuzeeka, lakini bado nazipenda kwa jinsi zilivyojipanga. Watu walikimbilia kwanza pale ambapo kosa linaonekana kwa macho: sentensi unaisoma mwenyewe, msimbo unauendesha ukaona kama unafanya kazi. Pale kosa linapojificha, wengi walisita.

Nami nagawa kazi hivyohivyo. Mwanafunzi akiniuliza, "Hili naruhusiwa?", namrudishia swali: ikikosea hapa, wewe utajuaje? Akiwa na jibu, aendelee. Akinyamaza, afunge kompyuta akafanye kazi kwa mkono.

Tuanze na msimbo, kwa sababu huko ndiko wenzangu wanakoisifia zaidi. Data za dodoso zikishashushwa kutoka KoboToolbox, ile programu ya kukusanyia majibu, huwa ni vurugu tupu. Kijiji kimoja kimeandikwa kwa tahajia nne, umri wa mtu umeingia kwenye safu ya idadi ya watoto, tarehe za nusu ya wadodosaji zimeanza na mwezi badala ya siku. Zamani kazi hiyo ilimlaza mtu chini, au alisubiri zamu kwa mtakwimu mmoja anayehudumia kituo kizima na ambaye hapokei simu Ijumaa. Leo unaieleza chatiboti tatizo kwa lugha ya kawaida, bila kuipa data yenyewe, nayo inakuandikia mistari ya kusafisha kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Unaiendesha, unahesabu safu kabla na baada, unachomoa kaya chache ukizilinganisha na fomu. Ikikosea, umeshaona. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ila kuna kosa la msimbo ambalo halionekani kwa kuendesha, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalopita mbele ya macho ya watu wenye akili zao. Rafiki yangu mtafiti wa maharage alikuwa na jaribio shambani lenye bloku 3, yaani sehemu 3 zinazorudia jaribio lilelile. Katika kila bloku, viwango 4 vya mbolea viliwekwa kwenye vitalu vikubwa, na ndani ya kila kitalu kikubwa kulikuwa na mbegu 3 kwenye vitalu vidogo. Jumla ni vitalu vidogo 36. Chatiboti ilimwandikia msimbo safi, ukaenda bila kulalamika, na mbolea ikatoka na tofauti kubwa kitakwimu. Furaha tele. Tatizo ni kwamba ilivichukulia vitalu vyote 36 kana kwamba mbolea ilipigiwa kura upya kwenye kila kimoja. Kwa hiyo ikaipima mbolea kwa digrii za uhuru 22 (yaani idadi ya taarifa huru za kupimia kosa), wakati mpangilio wenyewe unaruhusu 6 tu, kwa kuwa mbolea iligawiwa kwa vitalu vikubwa 12. Ukipima hivyo, karibu kila mbolea itaonekana ya ajabu. Yeye alilinasa kwa sababu alisomea mambo hayo. Alipoiambia, ikaomba radhi kwa adabu zote na kuandika uchambuzi sahihi papo hapo. Jibu sahihi lilikuwamo humohumo siku zote, lilikuwa linamsubiri mtu anayejua kuliulizia.

Hilo linakuhusu. Kama ulichagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya vijiji, kaya za kijiji kimoja zitafanana kuliko ungechukua kaya popote pale: barabara moja, dalali mmoja, mvua moja. Iambie hivyo kabla haijaandika mstari wa kwanza. Usipoiambia, haitakuuliza, itakupa jibu la kaya zilizotawanyika ovyo, na makosa yako ya sampuli yatatoka madogo kuliko yalivyo. Mtahini mmoja makini atakuuliza swali hilo moja tu, na utabaki unamtazama.

Kuhusu Kiingereza, wala usione haya. Wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili, tunaota kwa Kihehe au Kinyakyusa, kisha tunadaiwa tuandike kwa lugha ya tatu. Kunyoosha sarufi ni msaada halali kama ule tuliokuwa tukiuomba kwa padri mwenye kamusi nene. Masharti yangu ni haya: andika aya mwenyewe kwanza, hata kama imechakaa, iombe irekebishe sarufi tu, na iorodheshe kila ilichobadilisha. Orodha hiyo ndiyo kinga yako. Mashine hizi hupenda kuongeza uhakika ambao wewe hukuwa nao. Uliandika kwamba umbali wa barabara "unahusiana na" bei ya chini, aya inarudi ikisema umbali "unasababisha" bei ya chini. Uliweka "huenda", imefutwa kwa sababu haikupendeza. Kwa msomaji wa kawaida ni mapambo, kwa mtafiti hayo ni matokeo mengine kabisa.

Halafu kuna ladha. Watafiti waliopitia ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala) zaidi ya milioni 15 za tiba na baiolojia waliona maneno fulani ya mbwembwe yakiruka ghafla baada ya 2022, wakakadiria kwamba walau 13.5% ya ikisiri za mwaka 2024 zilipitia kwenye mashine hizi. Wahariri wameshaizoea harufu hiyo. Aya yako ikirudi inang'aa kupita kiasi, ipunguze.

Sasa msimamizi wako. Sitamsema, kwa sababu hofu yake ina msingi: amesoma tasnifu zinazofanana kama sare za shule. Lakini akisema "akikuta", atakutaje? Kama ni kwa programu za kugundua maandishi ya mashine, mweleze kwa heshima kwamba zina tatizo linalotugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya 61% ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Kisa ni kwamba mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno machache ya kawaida, na programu hizo huyasoma kama alama ya mashine. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao ya kugundua Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kwa hiyo hifadhi rasimu zako zote zikiwa na tarehe, hata zile za aibu. Siku ukiitwa, hizo ndizo zitakazokusemea.

Tuje kwenye machapisho, ambako wengi huumia. Utafiti uliotoka katika Scientific Reports mwaka 2023 ulikagua marejeo 636 yaliyotungwa na ChatGPT. Kwa toleo la GPT-3.5, 55% ya marejeo hayakuwapo kabisa duniani. Kwa GPT-4, 18%. Matoleo ya sasa yanayotafuta mtandaoni yamepunguza uzushi wa wazi, lakini yameleta ule wa kimyakimya: makala ipo kweli, mwandishi yupo, ila haisemi kile unachoambiwa inasema. Nimesoma rasimu iliyoichukua makala ya viazi vya Kenya na kuipeleka Njombe, ikiwa na DOI, namba ya kuitambulisha makala mtandaoni, inayofunguka vizuri kabisa. Aliyeandika hakuifungua.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini tatizo hili ni kubwa kuliko kwingine. Sehemu kubwa ya kilichoandikwa kuhusu kilimo chetu kimelala kwenye tasnifu za Sokoine zilizoko rafuni, kwenye ripoti za kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kwenye makabrasha ya halmashauri. Mashine haijavisoma. Ukiiuliza kuhusu soko la viazi Umalila haisemi kwamba haijui, inashona. Inakuletea kichwa cha habari kinachofaa kabisa, mwaka unaofaa, na waandishi ambao majina yao yanaanza na Mwa-, kana kwamba nayo ilizaliwa Tukuyu. Unaweza kupoteza asubuhi nzima ukimtafuta mtu asiyekuwapo. Afadhali upande daladala uende maktaba ya Uyole, umuulize mkutubi. (Wakutubi wetu hawaulizwi vya kutosha. Wanajua vitu vingi kuliko sisi tunavyodhani.)

Mtihani wa haraka wa kuipima: iulize kalenda ya mvua. Nchi yetu ina maeneo yenye misimu miwili, Vuli ya Oktoba hadi Desemba na Masika ya Machi hadi Mei, na ina maeneo kama yetu yenye Msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kwa kuyatofautisha. Lakini maandishi mengi ya mtandaoni yakisema "Tanzania" yanazungumzia Vuli na Masika, na chatiboti nyingi huangukia hukohuko usipozibana. Nimewahi kupokea pendekezo la utafiti lililopanga kuwahoji wakulima wa Mbozi "katika mapumziko kati ya Vuli na Masika", yaani Januari na Februari, wakati watu wako kwenye palizi na barabara za ndani ni tope. Pendekezo lilikuwa na jedwali zuri la bajeti. Hakuna aliyeliandika angeshindwa kujua hilo. Wote ni watoto wa huku. Waliliona limechapwa, wakaacha kufikiri.

Mwanahistoria mmoja rafiki yangu ana uzoefu unaochanganya pande zote mbili. Aliiuliza kwa Kiswahili kuhusu Lugalo, ikamchanganyia vita vya Agosti 1891, ambamo Wahehe walimuua kamanda wa Kijerumani Zelewski na kuvunja kikosi chake, na kuanguka kwa ngome ya Kalenga Oktoba 1894. Ikampa na nukuu ya barua ya ofisa wa Kijerumani, nzuri mno, isiyopatikana kwenye faili lolote. Tangu hapo haiulizi historia. Lakini anaipa kurasa za Kijerumani zilizochapwa, za enzi za ukoloni, impe mukhtasari wa kilichomo, ajue ni ukurasa upi unastahili muda wake. Ule anaotaka kuunukuu anampelekea mtu anayejua Kijerumani na anamlipa. Naona hiyo ni busara: mashine inachuja, binadamu anashuhudia.

Sasa Umalila. Nimekuambia usiipe mahojiano, na sababu ya kwanza ni wenyewe waliosema. Siku ile uliposoma fomu ya ridhaa, uliwaambia nini? Fomu nyingi nilizoziona zinasema maneno yao yataonwa na timu ya utafiti tu. Ukibandika nakala kwenye chatiboti, maneno hayo yameondoka nchini na kwenda kwenye mitambo ya kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kufuta majina hakutoshi. "Mwenyekiti wa kitongoji, mama mjane, mwenye lori pekee kijijini" hana jina, lakini pale Ilembo kila mtu ameshamjua. Unaweza kuzima kwenye mipangilio ili mazungumzo yako yasitumike kuifunza modeli, na ni vyema uzime. Bado data imesafiri. Zipo modeli zinazokaa kwenye kompyuta yako bila intaneti, lakini zile ndogo zinazobebeka kwenye laptopu ya mwanafunzi Kiswahili chake kinachechemea. Ukitaka kweli kutumia mashine kwenye mahojiano, rudi kwa kamati ya maadili iliyokupa kibali, uombe marekebisho, na uwaombe wahojiwa ridhaa mpya. Kwa tasnifu moja, sidhani kama usumbufu huo unalipa.

Sababu ya pili ni masikio. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinajitahidi kwenye Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Mzee wa Umalila akianza kwa Kiswahili, akaingia Kimalila akikasirika, akamalizia na bei ya gunia huku jogoo anawika, programu haiachi pengo. Inaandika kitu. Imeshaonekana kwamba programu hizi wakati mwingine huandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema, hasa penye ukimya. Na ukimya wa mkulima anapoulizwa anamdai nani, au nani anamdai, huo nao ni data.

Sababu ya tatu inanisumbua kuliko zote, kwa sababu haiko kwenye sheria wala kwenye fomu. Tuseme mkulima wako amesema hivi: "Bei ya Dar naijua, mwanangu ananipigia kila jioni. Lakini viazi vikishang'olewa, mvua ikinyesha lori halipandi. Dalali anajua, mimi najua, tunaangaliana tu." Iombe chatiboti itoe dhamira, yaani mada kuu, kutoka kwenye maneno hayo pamoja na mengine ishirini ya namna hiyo, na kuna uwezekano mkubwa ikuletee "ukosefu wa taarifa za masoko", "miundombinu duni" na "unyonyaji wa madalali". Ni maneno ya kila ripoti ya kilimo uliyowahi kusoma, na ndiyo maana yanakuja: imezisoma ripoti hizo kwa maelfu. Lakini mkulima wako amekuambia kinyume cha la kwanza. Taarifa anayo. Kinachomkosesha nguvu ni siku za tope, na ule mtazamano kati yake na dalali ndio utafiti wako. Ungeukuta mwenyewe kwa kusikiliza rekodi mara ya pili. Kwenye jedwali la mashine usingeuona, wala usingejua kwamba umekosekana. Hilo ndilo jibu la swali langu la "utajuaje": hutajua.

Na hesabu pia. Viazi vyako vinauzwa kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, serikali ipende isipende. Mashine ikisoma "gunia" itaweka kilo 100, maana ndivyo vitabu vinavyosema, na mavuno yako kwa ekari na bei kwa kilo vitatoka safi na vyote vibaya. Lumbesa ya viazi inapita kilo 100, na inapita kwa kiasi tofauti kati ya kijiji na kijiji, kati ya mnunuzi na mnunuzi. Kapime magunia kadhaa kwa mizani kila mahali ulipofanya mahojiano, upate kipimo chako mwenyewe cha kubadilishia. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na itakupa sura ya tasnifu ambayo hakuna mwenzako ofisini anayo.

Kuna namna moja ya kuitumia kwenye uchambuzi ambayo naiunga mkono. Soma nakala zako mwenyewe, weka alama kwa kalamu, panga dhamira zako. Ukishamaliza, iandikie dhamira hizo kwa maneno yako, bila nukuu, bila majina ya vijiji, kisha iambie: wewe ni mtahini wa nje, mkali, hukubaliani nami, ni maelezo gani mengine yanaweza kueleza haya, na ningehitaji ushahidi gani kuyakataa? Mtafiti mmoja wa afya pale Mbeya hufanya hivyo kabla ya kila wasilisho, na anasema nusu ya hoja inazoleta ni makapi, ila iliyobaki humzuia kuaibika mbele ya watu. Angalia tu usiiulize "je, uchambuzi wangu ni mzuri?", maana itakusifu. Aprili 2025 OpenAI walilazimika kurudisha nyuma toleo jipya la GPT-4o kwa sababu lilikuwa linawasifu watu kupita kiasi. Sifa zimepungua tangu wakati huo, lakini tabia haijaisha. Mwanafunzi aliyechoka saa sita usiku ndiye anayezihitaji sifa hizo, na ndiye zinayemdhuru.

Umeuliza kama ni wizi. Ukiwasilisha uchambuzi wa mashine kwa jina lako bila kusema, chuo kitatafuta jina lake kwenye kanuni na kitalipata. Majarida makubwa, Nature na Science yakiwamo, yalishaamua tangu 2023 kwamba chatiboti haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Wanachotaka ni useme uliitumia wapi. Kwa hiyo usifiche matumizi halali. Kabla hujaandika zaidi, mwombe msimamizi wako nusu saa, umpelekee karatasi yenye maneno kama haya: "Chatiboti (nitataja jina na toleo) itatumika kurekebisha sarufi ya Kiingereza katika aya nilizoandika mwenyewe, na kuandika msimbo wa kusafisha data za dodoso. Haitapewa rekodi, nakala za mahojiano wala taarifa za wahojiwa. Marejeo yote nimeyasoma mwenyewe." Mwachie akate anachotaka. Wasimamizi wengi wanaotishia hawajawahi kuombwa ruhusa ya kitu mahususi, wakiombwa, hulegea. Akikataa hata sarufi, mtii, utafute mtu wa kukusomea. Tasnifu ni yako lakini saini ni yake.

La mwisho, kulipia. Kwa sarufi na msimbo wa kawaida, ya bure inatosha, ila inakupa kiasi fulani tu cha maswali kabla ya kukuambia usubiri. Majibu ya Kiswahili bado huwa hafifu kuliko ya Kiingereza kwenye mambo ya takwimu. Kifurushi cha ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, na kwa posho ya msaidizi wa utafiti hiyo ni nauli ya kwenda Ilembo zaidi ya mara moja. Kama ni lazima, subiri mpaka data zote za dodoso ziwe zimeingia, lipia mwezi huo mmoja wa kusafisha na kuchakata, na uzime malipo ya kujirudia siku hiyohiyo uliyolipa, maana mwezi ukiisha yatakatwa tena hata kama uko milimani huna mtandao.